Mistari Iliyobaki Shambani: Kuitambua Mipaka ya Mashamba ya Kale kutoka Angani na Ardhini

Mhadhara wa umma uliotolewa Arusha

   

Nimekuja kueleza namna wataalamu wa akiolojia wanavyoitambua mipaka ya mashamba yaliyoachwa karne nyingi zilizopita, kwanza kwa kuitazama ardhi kutoka juu, kisha kwa kuipima bila kuichimba. Ninayo pia hoja ya kuitetea, na naitaja mapema ili mnipime nayo. Mstari unaoonekana katika picha ya angani hautoshi kuitwa mpaka wa kale. Ni lazima tujue ulipigwa lini, ulifanya kazi gani, na maji yalipita upande upi. Picha hutuonyesha mahali pa kuuliza. Jibu hutoka kwenye udongo, na mara nyingi hutoka pia kwa wazee wanaoishi hapo. Mfano wangu mkuu utakuwa Engaruka, kwa sababu ni ya hapa kwetu na kwa sababu ni miongoni mwa mashamba ya kale yaliyosalia vizuri zaidi barani Afrika.

Hoja ya kwanza: shamba ni hati ya kihistoria

Historia tunayofundisha shuleni imejaa bandari, masultani, misafara na vita. Kilwa tunaijua, Zanzibar tunaijua. Lakini katika kila karne wengi wa waliokanyaga ardhi hii waliamka alfajiri kwenda kulima. Hawakuacha barua wala sarafu. Waliacha kazi ya mikono yao: mawe yaliyookotwa shambani na kupangwa, mifereji iliyochimbwa, udongo uliosawazishwa. Tukitaka kuwasikia, hiyo ndiyo hati tuliyo nayo.

Engaruka iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mashariki ya nyanda za juu za Ngorongoro, kwenye njia ya kwenda Ziwa Natron. Anayefika kutoka Mto wa Mbu hulakiwa na vumbi, migunga na ng'ombe. Mvua ni haba, na mkulima anayetegemea mawingu peke yake atakosa mavuno miaka mingi kuliko atakayovuna. Lakini kuna vijito vinavyoteremka kutoka nyanda za juu, na vijito hivyo ndivyo vilivyoibeba jamii nzima. Kwenye mteremko kuna mabaki ya vijiji saba, ambavyo nyumba zake zilijengwa juu ya majukwaa yaliyochimbwa ubavuni mwa mlima na kushikizwa kwa kuta za mawe. Chini, kwenye tambarare, yapo mashamba: takriban kilomita za mraba 20 za vitalu vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe, mifereji iliyokingwa kwa mawe, marundo ya mawe yaliyoondolewa ili jembe lipite, na maboma ya mviringo. Vipimo vya umri vinaonyesha kwamba watu waliishi na kulima hapo tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, pengine na kuingia ya 19. Punje za mtama zilizoungua zimepatikana katika machimbo.

Gustav Fischer, daktari na msafiri wa Kijerumani, alipita hapo mwaka 1883 akayataja magofu hayo. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935, akayatazama majukwaa ya mlimani, akakadiria jiji la watu makumi ya maelfu. Hamo Sassoon alichimba katika miaka ya 1960. Baada yake John Sutton aliyaelekeza macho yake kwenye mashamba yenyewe, akaieleza Engaruka kuwa jamii ya wakulima wa umwagiliaji, yenye watu maelfu kadhaa tu. Binafsi naona tofauti hiyo ni somo kubwa. Ukihesabu kila jukwaa kana kwamba yote yalikaliwa siku moja, idadi ya watu lazima ivimbe. Ukianza na kijito, ukauliza maji yake yangetosha ekari ngapi kwa msimu, unafika kwenye idadi ambayo ardhi ingeweza kuilisha. Mashamba yametusahihishia hesabu ya mji.

Hoja ya pili: jua, mimea na kimo cha ardhi

Elimu ya kusoma ardhi kutoka angani ilizaliwa mbali na hapa, na miongoni mwa vitu vyake vya mwanzo ni mashamba. O. G. S. Crawford, Mwingereza aliyezaliwa Bombay mwaka 1886, alikuwa mtazamaji ndani ya ndege za jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 akawa afisa wa kwanza wa akiolojia katika Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza. Mwaka 1922 alionyeshwa picha ambazo wanahewa wa jeshi walikuwa wamepiga juu ya vilima vya chokaa vya Hampshire. Wapigaji hawakuwa na habari na mambo ya kale. Lakini ndani ya picha zao kulikuwa na miraba midogo midogo isiyolingana hata kidogo na mashamba ya siku hizo. Crawford akatambua kwamba ni mashamba ya watu waliolima hapo kabla ya Warumi na wakati wa utawala wa Warumi. Mwaka uliofuata aliyaeleza katika mhadhara mbele ya Royal Geographical Society mjini London, na mwaka 1928 yeye na Alexander Keiller wakachapisha kitabu cha picha, Wessex from the Air.

Ardhi hujifichua kwa njia kadhaa. Naanza na kivuli, kwa sababu hapa ndipo vitabu vya Ulaya visipotufaa sana. Chukueni tuta la mawe lenye kimo cha sentimita 30, ambalo mchungaji atalivuka mara kumi kwa siku asilitilie maanani. Jua likiwa nyuzi 5 juu ya upeo wa macho, kivuli cha tuta hilo kina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Likifika nyuzi 15, kivuli kimebaki mita moja na kitu. Saa sita mchana hakuna cha kuona. Huko Uingereza, wakati wa baridi, jua hukaa chini angani karibu siku nzima, na rubani ana saa nyingi za kufanya kazi. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu hupanda wima, takriban nyuzi 15 kila saa. Kile kivuli cha mita tatu na nusu tunacho dakika ishirini baada ya macheo; saa moja baada ya macheo kimebaki theluthi.

Engaruka ina jambo la ziada. Ukuta wa Bonde uko upande wa magharibi, hivyo jioni jua huzama nyuma ya mlima mapema na mashamba yote huingia gizani pamoja. Nuru ya kufaa ni ya asubuhi peke yake. Anayetaka kupiga picha za vivuli hapo awe amekwisha kurusha chombo chake kabla ya saa moja asubuhi. Vijana wa vyuo mlio hapa, andikeni hilo.

Njia nyingine ni mimea. Mtaro wa kale uliofukiwa huwa na udongo mzito wenye kina, unaotunza unyevu. Zao lililopandwa juu yake hurefuka, hubaki kijani, hukawia kukauka. Juu ya msingi wa ukuta mambo ni kinyume: mizizi hugonga mawe, mmea hudumaa na kuwa njano mapema. Ukame ndio unaozidisha tofauti hiyo. Viangazi vikali vya mwaka 1976 na mwaka 2018 viliwaonyesha watazamaji wa Uingereza mabaki mengi ambayo hakuna aliyejua yapo. Derrick Riley, aliyekuwa rubani wa vita, alitumia alama za namna hiyo kuonyesha mashamba ya kale ya South Yorkshire na Nottinghamshire, marefu na membamba, yamepangwa kama matofali ukutani, na mwaka 1980 akayatolea kitabu. Juu ya ardhi yenyewe hakukuwa na hata jiwe moja la kuonyesha. Kila kitu kilikuwa kimelimwa na kusawazishwa. Ngano ndiyo iliyosema.

Kwetu, alama za mimea hazijatafutwa vya kutosha. Mashamba yetu mengi ni madogo na yamechanganya mahindi, maharage na migomba, na mchanganyiko huo hufunika tofauti ndogo. Lakini mashamba makubwa ya ngano ya Karatu, Basutu na Hanang yanafaa kabisa kutazamwa katika mwaka wa mvua chache.

Kuhusu vipimo vya kimo nitasema kwa kifupi, maana wapimaji mnavijua kunishinda. Chombo cha laiza kilichofungwa kwenye ndege hurusha miali mingi mno kila sekunde, na baadhi hupenya kati ya majani hadi ardhini. Kompyuta huondoa miti, uso wa ardhi hubaki wazi. Afrika Kusini, Karim Sadr wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliitumia laiza kuonyesha mamia ya makazi ya mawe ya Kweneng, kusini mwa Johannesburg, yaliyokuwa yamefunikwa na vichaka. Ambaye hana fedha za laiza anaweza kutumia droni ndogo, akapiga picha zinazoingiliana, na programu ikamtengenezea ramani ya kimo. Kwenye ardhi kame yenye miti michache kama Engaruka, hilo linatosha kabisa.

Hoja ya tatu: nchi hii imechorwa na mikono mingi

Hapa naomba subira yenu, kwa sababu ndipo makosa mengi hutokea. Mtu akifungua picha za setilaiti leo, akaona mistari sambamba ubavuni mwa mlima, moyo humdunda na hukimbilia kusema amegundua kilimo cha mababu. Asikimbilie.

Twendeni Uluguru. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha huko mpango wa matumizi ya ardhi, na wakulima wakalazimishwa kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Waliona ni kazi ngumu isiyo na faida, udongo mzuri ukifukiwa na mbaya ukiletwa juu, na mwaka 1955 upinzani ukalipuka Matombo. Mpango uliachwa. Matuta kadhaa yangeweza kubaki ardhini muda mrefu baada ya hasira kupoa, na kwenye picha hayana alama ya kusema yametoka kwa bwana shamba wa mkoloni.

Twendeni Kongwa. Kati ya 1947 na 1951 mradi wa karanga wa Waingereza ulifyeka pori kwa matrekta ukapiga mashamba makubwa na makingamaji marefu. Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973 ulichimba makingamaji kwenye miteremko iliyoliwa na mmomonyoko. Miaka hiyohiyo ya 1970 vijiji vilipangwa upya nchi nzima, na mashamba ya bega kwa bega yakapimwa kwa kamba, mistari iliyonyooka. Tanga na Morogoro kuna mistari ya mkonge. Juu ya hayo yote kuna kazi ya maumbile na mifugo: njia za ng'ombe, mikondo mikavu ya maji, nyufa za miamba.

Kutenganisha yote haya kuna kanuni zake. Mstari unaokatwa umetangulia mstari unaoukata. Vipimo navyo husema: nchini Tunisia, Wafaransa walipolinganisha ramani na picha za angani, walikuta ardhi imegawanywa katika miraba ya takriban mita 710 kila upande, ambayo ndiyo miguu 2,400 ya Kirumi. Hakuna mkulima wa karne ya 20 aliyepima shamba kwa mguu wa Kirumi, kwa hiyo umri wa mpango ule ulijieleza wenyewe, hata pale ambapo barabara ya leo inapita juu ya mpaka wa zamani. Engaruka haina mguu wa Kirumi. Mistari yake hufuata mteremko na maji, ikipinda pale ardhi inapopinda, na ndiyo maana sura peke yake haitoshi kuipa umri.

Kanuni ninayoithamini kuliko zote ni kulinganisha picha za miaka mbalimbali. Uingereza iliunda mwaka 1946 kurugenzi ya upimaji wa makoloni, na ndege zikapiga picha sehemu kubwa ya Tanganyika, Kenya na Uganda. Picha za setilaiti za kijasusi za Marekani zilizoitwa Corona, za kati ya 1960 na 1972, zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Mstari wa Kongwa ambao haumo kwenye picha iliyotangulia mradi wa karanga hauelekei kuwa wa kale. Na pale ambapo picha hazipo, wazee wapo. Aliyeshika jembe wakati wa kukata matuta atakuambia ni tuta lipi alilichimba yeye na lipi alilikuta.

Hoja ya nne: kuuliza udongo bila kuuchimba

Baada ya angani tunashuka chini. Mwaka 1946, huko Uingereza, Richard Atkinson alipitisha umeme katika udongo wa Dorchester-on-Thames, akatambua mitaro ya kale kwa kupima ukinzani wake. Mtaro wenye unyevu hupitisha umeme kwa urahisi, ukuta wa mawe huuzuia. Mwaka 1958 Martin Aitken na wenzake walitumia kipima-sumaku huko Water Newton wakapata matanuri ya vyungu ya Kirumi kabla jembe la kuchimbia halijagusa ardhi.

Sumaku ndiyo ninayopenda kuieleza kwa umma, kwa kuwa inafanya kazi kwa jambo dogo mno. Usumaku wa dunia hapa Afrika Mashariki una nguvu ya nanotesla 33,000 hivi. Mtaro uliofukiwa kwa udongo wa juu, ule wenye mabaki ya moto na mboji, huubadilisha kwa nanotesla chache tu. Ili kuupata, mpimaji hugawa eneo katika miraba ya mita 20 au 30 kwa kamba, kisha hutembea mstari baada ya mstari kwa mwendo mmoja, chombo kikiwa kwenye kimo kilekile. Simu, funguo, mkanda wenye bizimu, viatu vyenye vitundu vya chuma, vyote huachwa pembeni. Uzio wa senyenge ulio mita kadhaa kutoka hapo unaweza kufunika mtaro wa miaka mia tano. Ni kazi ya kutembea siku nzima juani bila kuona chochote, na usiku, data ikishapakuliwa, mistari hujitokeza kwenye kompyuta.

Mfano bora tulio nao uko pwani. Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, kina mji wa mawe wa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Stephanie Wynne-Jones, Jeffrey Fleisher na wenzao walipima kwa sumaku maeneo ya wazi yaliyo kati ya nyumba za mawe, wakatambua mabaki ya nyumba za miti na udongo ambazo jicho halikuziona. Watu waliokaa humo wameingia katika historia ya mji kwa sababu ya vipimo hivyo. Ilisaidia sana kwamba mawe ya matumbawe karibu hayana usumaku kabisa: penye ukimya, hata sauti ndogo husikika.

Engaruka, kinyume chake, ni nchi ya volkano. Jiwe la volkano lilipopoa lilishika usumaku wake lenyewe, wenye nguvu, na kila jiwe limeelekea upande wake. Mpimaji anayefika hapo na chombo kilichofanya vizuri Songo Mnara atapata ramani iliyojaa madoa. Nasema hili kwa msisitizo kwa ajili ya vyuo vyetu vinavyofikiria kununua vifaa: nunueni kwa kuzingatia ardhi mtakayoipima. Kwenye mawe ya volkano ukinzani wa umeme una nafasi nzuri zaidi, ilimradi usipime wakati wa kiangazi kikali ambapo udongo umekauka hadi umeme haupiti; wiki chache baada ya mvua ndio wakati. Rada ya kupenya ardhini hufanya vizuri kwenye mchanga mkavu, lakini mfinyanzi na chumvi humeza mawimbi yake, na tukielekea upande wa magadi ya Natron hatupaswi kuitegemea.

Sitaki mwondoke mkidhani kila kitu ni mashine za bei kubwa. Huko Mayo, magharibi ya Ireland, mwalimu wa shule aitwaye Patrick Caulfield aliona miaka ya 1930 kwamba wakata mboji ya kinamasi hugonga kuta za mawe chini kabisa, chini ya mboji iliyoota baada ya kuta kujengwa. Maana yake kuta zimeitangulia mboji. Kuanzia miaka ya 1970 mwanawe, Seamas Caulfield, aliyekuwa mwanaakiolojia, akaifuata mistari hiyo kwa fimbo ya chuma. Unaisukuma fimbo kwenye mboji laini. Ikizama hadi chini, hakuna kitu. Ikigonga jiwe mapema, umeupata ukuta, na urefu uliobaki juu unakuambia kimo chake. Kwa fimbo hiyo mashamba ya Céide, ya wakulima wa kwanza wa nchi ile, yalifuatiliwa kwa kilomita nyingi. Chombo sahihi kwa ardhi sahihi.

Hoja ya tano: kiwanja cha Engaruka kilitengenezwa na maji

Nimefika kwenye kiini. Tuseme tumepiga picha asubuhi, tumeilinganisha na za zamani, tumepima. Tuna gridi ya mistari ya mawe. Je, ni mipaka ya nani na nani?

Kwa muda mrefu ilikuwa rahisi kufikiri kwamba viwanja vya Engaruka vilipimwa na kugawiwa, kila familia chake, na mawe yakawa alama. Daryl Stump, aliyechimba mashamba hayo tangu miaka ya 2000, na Carol Lang, aliyechunguza udongo wake chini ya hadubini, wametuonyesha picha yenye kina zaidi. Ukichimba handaki kukatisha baadhi ya mistari ile, unakuta matabaka ya tope laini, moja juu ya jingine, nyuma ya ukuta wa mawe ulioongezwa kimo kadiri tope lilivyojaa. Wakulima waliyaelekeza maji ya kijito yenye udongo kwenye kingo za mawe, wakayaacha yatulie, udongo ukabaki, maji yakaendelea. Kiwanja hakikuwapo kabla. Kililetwa na maji, msimu kwa msimu, juu ya ardhi ya mawe ambayo isingelimika.

Aliyewahi kulima mpunga Shinyanga au Mwanza anaelewa mara moja: ni jamaa wa majaruba. Kingo za jaruba huzuia maji, na kwa kufanya hivyo hugawa shamba pia. Lakini aliyeziinua hakuanza kwa kumfikiria jirani. Alianza kwa kulifikiria tope. Ndiyo maana nasema kuita kila mstari wa Engaruka mpaka, kwa maana ya mwisho wa mali ya mtu, ni kumdhulumu aliyeujenga. Alikuwa anatengeneza udongo.

Kuna faida nyingine ya kulijua hilo. Kama mashamba yaliongezeka kidogo kidogo, hayakuhitaji mfalme wa kuamuru kilomita za mraba 20 zijengwe kwa mpigo. Yalihitaji watu wanaokubaliana juu ya zamu za maji, mwaka baada ya mwaka, vizazi kwa vizazi. Makubaliano hayo tunaweza kuyaona hadi leo kwa majirani. Wamarakwet wa Bonde la Kerio, Kenya, wana mifereji inayomilikiwa na kutunzwa na koo. Wasonjo, kaskazini mwa Engaruka, wanamwagilia kwa utaratibu wa zamu unaosimamiwa na wazee. Wachagga wana mifongo, yaani mifereji yao, Kilimanjaro, Wapare wana ndiva, mabwawa yao ya maji. Akiolojia inayotafsiri mistari ya mawe bila kuzungumza na watu hawa inajinyima mwalimu.

Na Kilimanjaro inatupa onyo. Mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya familia za Kichagga, huwekwa kwa masale. Kila mtu katika ukumbi huu anajua uzito wa sale. Mtu hang'oi sale la jirani akabaki na amani. Mpaka wenye nguvu kuliko yote mlimani ni mmea. Hauna jiwe wala mtaro, na hautaacha usumaku wowote. Vihamba vikiachwa leo, mwanaakiolojia wa miaka mia tano ijayo atakuta mifongo, kwa kuwa ilichimbwa, na huenda akaita mifongo hiyo mipaka. Atakuwa amekosea kwa uaminifu kabisa. Huko Engaruka nasi tunaweza kuwa tumesimama mahali pake: mistari tunayoiona ni ile iliyokuwa ya mawe, na kati yake ingeweza kuwapo mipaka ya miti au miiba ambayo haitaonekana tena.

Yaliyo mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda unanibana, nami nataka kutaja mambo ambayo yanaweza kuanza kesho.

Engaruka inaishi. Wakazi wa Engaruka Juu na Engaruka Chini wanalima na kumwagilia, wanafuga, wanajenga, na wana haki ya kufanya hivyo. Jiwe la mfereji wa kale ni jiwe zuri la kujengea. Serikali nayo, kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, ina mpango wa magadi soda katika bonde hilo, na mipango kama hiyo huja na barabara, mabomba na malori. Sipingi maendeleo. Naomba ramani itangulie trekta.

Vijiji vingi sasa vinaandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, na wananchi wanapewa hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mpimaji anayefika kijijini kwa kazi hiyo anakuja na vifaa vyote nilivyovitaja: picha za setilaiti, pengine droni, na baraza la wazee limekaa kumwonyesha mipaka. Naomba aongeze tabaka moja kwenye ramani yake, la mifereji na kuta za kale, na amuulize mzee swali moja zaidi. Zanzibar ilipopigwa picha zote kwa droni kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya mipango ya ardhi, zilipatikana picha ambazo mwanaakiolojia angezililia, bila gharama ya ziada kwake. Bara tunaweza kufanya vivyo hivyo, wilaya moja baada ya nyingine, na Monduli ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ombi langu la mwisho ni la picha za zamani. Ziko picha za angani za Tanganyika katika hifadhi za hapa nchini na za Uingereza. Picha za karatasi huharibika kwa unyevu na wadudu. Zikinakiliwa kidijitali na kuwekwa mahali ambapo mwanafunzi wa Arusha anaweza kuzifungua, tutaweza kuiona Engaruka ilivyokuwa kabla ya mashamba mapya kuingia juu ya yale ya zamani, na kupima ni mistari mingapi imetoweka na ni ipi ya kuchunguzwa kwanza. Kazi hiyo haihitaji ndege wala kipima-sumaku. Inahitaji skana, mtu mwangalifu na kibali.

Naona wapimaji wawili pale nyuma wamekwisha kuinua mikono, na mzee wa Engaruka hapa mbele amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja mifereji. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, naomba mzee aanze.